Kabla ya Kumwachilia Mtoto Majini

Nasikia siku hizi mko watano mnaofundisha watoto wachanga pale Parklands, na kwamba mmeshonewa fulana za rangi moja zenye samaki mgongoni. Sisi tulikuwa wawili, mimi na mwenye bwawa, na fulana hatukuwa nazo. Kostumu yangu ya kwanza ya kuogelea ilikuwa ya mtumba, imeshonwa kiunoni kwa uzi wa rangi nyingine kabisa. Lakini nimefurahi kusikia habari zenu, nimefurahi mpaka uji umepoa hapa kando yangu. Nikaona niwaandikie kabla sijasahau mambo madogo madogo, maana kazi yenu imejaa hayo.

Msinicheke nikisema nimestaafu. Sina mvi hata moja. Ni kifua tu kilichoanza kukataa dawa ya maji ya bwawa. Kila nikitoka bwawani nakohoa mpaka jirani yangu hapa Riruta anagonga ukuta kuuliza kama niko sawa. Daktari akaniambia nichague, nami nikachagua kupumua. Kwa hivyo mimi ni mstaafu kijana, na ndoto zangu bado ninazo zote. Bado naota bwawa la watoto hapa hapa Riruta, maji ya vuguvugu, mama muuza mboga aingie na mtoto wake bila mtu kumuuliza ametoka wapi. Naota hata rangi ya vigae vyake.

Kazi hiyo niliianza nikiwa na fagio. Nilikuwa nimeishia darasa la nane kule Bungoma, nikaja Nairobi, nikapata kazi ya kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Mwenye bwawa alikuwa mama mzee wa Parklands, tukimwita Mama Shirin. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba yake, dogo, limeezekwa mabati yale ya kupitisha mwanga, na maji yake yakipashwa moto mchana kutwa. Mwalimu wake akaolewa, akahamia Eldoret. Asubuhi iliyofuata Mama Shirin akanikuta nakausha sakafu.

"Nafula, unaogopa maji?"

"Nimekulia kando ya mto, Mama."

"Sijauliza umekulia wapi."

"Naogopa kidogo."

"Vizuri. Asiyeogopa simpi mtoto wa watu."

Basi nikaanza na mwanasesere. Alikuwa wa plastiki, jicho moja halifumbiki, na nilimbeba majini wiki baada ya wiki huku Mama Shirin ameketi ukingoni na chai yake. Mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya makalio. Nikigeuza macho kidogo tu kutazama ndege juu ya mabati, nasikia, "Nafula, mtoto wako ameshakunywa maji." Nikawa naota nikimbeba yule mwanasesere hata kitandani. Nilipopewa mtoto wa kweli mara ya kwanza, alinikojolea mkononi kabla hatujafika ngazi ya pili, na Mama Shirin akasema sasa nimeajiriwa.

Maji yapimeni kwa kiwiko. Najua mna kipima joto, kitumieni, lakini kiwiko hakiishiwi betri. Maji yakikufanya uvute pumzi, ni baridi kwa mtoto hata kama wewe unayaona matamu. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza, bado. Mwambieni mama arudi naye baadaye, na amuulize daktari wake kwanza. Aliyetoka kunyonya au kula, mpeni nafasi chakula kishuke. Mwenye homa, mwenye sikio linalotoa maji, mwenye tumbo la kuendesha, arudi nyumbani kwa upole bila kuaibishwa. Na mtoto hana maneno ya kukuambia amechoka. Atakuambia kwa midomo ikigeuka rangi, kwa kidevu kinachotetemeka, kwa kunyamaza ghafla wakati alikuwa akipiga kelele. Hapo hakuna kusema tumalizie wimbo. Mtoe, mfunge taulo, wimbo mtaumalizia kwenye benchi.

Halafu kuna hili la nguo. Nyinyi mmezaliwa Nairobi, hamlioni, lakini mimi lilinishangaza. Mwezi wa saba, ule wa mawingu, mtoto analetwa amevalishwa fulana ya ndani, ovaroli, sweta, sweta juu ya sweta, soksi mbili, kofia ya mavini kichwani, kisha shali juu ya vyote. Kumvua ni kama kuambua kabeji. Kuna baba mmoja alikuja peke yake, mama wa mtoto akiwa kazini, na nusu ya kipindi ikaisha akivua tu. Nikamwendea kuuliza kama anahitaji msaada.

"Vumilia, Teacher," akaniambia, jasho likimtoka. "Yuko humu ndani mahali."

Lakini pia nawaambia, yule aliyekuwa humu ndani mahali, akishatolewa na kuwekwa kifuani kwa baba yake kwenye maji ya moto, ngozi kwa ngozi, nadhani ilikuwa mara ya kwanza baba huyo kumshika hivyo. Alifumba macho, na mtoto pia. Nikaenda kujifanya napanga taulo.

Ndiyo faida ninayoikumbuka zaidi. Watu watawauliza kama kuogelea kunamfanya mtoto awe na akili. Semeni hamjui, maana hamjui. Semeni mlichokiona. Mimi niliona watoto waliokuwa wazito kuinua kichwa wakianza kukiinua kwa sababu wanataka kuona bata wa plastiki anaelekea wapi. Niliona miguu iliyolegea ikianza kupiga teke. Karibu kila mama aliniambia siku ya bwawa mtoto analala usingizi mzuri, na yeye mwenyewe analala. Palikuwa na mama mmoja ambaye tangu ajifungue alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Anakuja, anafanya unachomwambia, anaondoka. Siku moja binti yake akapiga maji kwa kiganja, yakamwingia mama mdomoni, na yule mama akacheka. Alicheka akashindwa kuacha, akaishia kulia, na Mama Shirin akamwachia bwawa saa nzima bila kutia mtu mwingine ndani. Baadaye akamtafutia pia mtu wa kuzungumza naye hospitalini, kwa sababu maji yana mwisho wa kazi yake.

Njia zimebadilika, naona. Zamani kulikuwa na walimu kwingine waliompulizia mtoto usoni kisha wakamzamisha, ati avumilie. Mama Shirin hakutaka kusikia. Wazazi wakaja na maboya ya mikononi, kisha yale ya shingoni, mtoto ananing'inia kama kitufe. Aliyatundika yote kwenye msumari mlangoni, anawapa wakati wa kwenda. Kisha zikaja simu. Mzazi anakuja na video ya mtoto wa nchi za mbali anatupwa majini na kuibuka akielea.

"Teacher, huyu ana miezi sita. Wetu mbona anashikwa tu?"

Jibu lake ni refu, na niliwahi kulitoa mara moja tu kikamilifu. Acheni niwaeleze.

Mama Mumo alikuwa akifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini. Alikaa karibu na Dagoretti Corner, na kila Jumamosi alikuja na mtoto wake Mumo, mvulana mnene, mcheshi, na mama yake mzazi aliyetoka Machakos kusaidia kulea. Kwa Kikamba nyanya anaitwa susu, nasi sote tukamwita Susu. Kazi ya Susu ilikuwa kukaa kwenye benchi na kulinda rundo la nguo za Mumo kama mtu anayelinda duka.

"Huyu mtoto ameletwa kuoga ama ameletwa apate nimonia?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Maji ni moto, Susu. Guza."

Akaingiza kidole. "Ni moto. Lakini hewa je?"

Siku hiyo ya kwanza Mama Shirin alimweleza Mama Mumo yale aliyomweleza kila mzazi. Kwanza alimuuliza maji ya nyumbani wanayaweka wapi. Mnajua mitaa yetu, mfereji ukitoa maji leo unajaza kila kitu, mapipa, ndoo, beseni, sufuria. Akamwambia afunike mapipa, ndoo aziinue juu, beseni alimwage likishatumika, mlango wa bafu ufungwe, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kufia kwenye maji ya kufulia soksi. Kisha akamwambia kwamba mtoto mchanga hafundishwi kujiokoa. Anafundishwa kuyazoea maji akiwa mikononi mwa mtu, na yule mtu ndiye usalama wake. Mama Mumo akaitikia, ndiyo, ndiyo, macho yake yakiwa kwenye maji.

Mumo aliyapenda maji kuliko watoto wote niliowahi kuwashika. Alipofikisha miezi kumi alikuwa akilala chali juu ya kiganja changu, masikio ndani ya maji, anatazama mabati kama mzee anayefikiria mambo yake. Asubuhi moja kichwa chake kilikuwa chepesi mno mkononi mwangu. Nikashusha kiganja kidogo, kikiwa bado chini yake, karibu, na Mumo akakaa juu ya maji peke yake kwa muda wa kupumua mara mbili tatu. Mama yake, aliyesimama maji yakimfika kiunoni, alikuwa ameshika simu.

Video hiyo ilikwenda mbali. Ilikwenda kwa kaka zake, kwa shangazi, kwa watu wa kanisani.

Jumamosi iliyofuata, akimkausha Mumo, akaniambia, "Teacher, anatimiza mwaka wiki mbili zijazo. Tumechukua hoteli moja pale upande wa Ngong Road, iko na bwawa. Lazima ukuje."

"Nitakuja kula keki."

"Utakuja kuona. Nitamweka majini mbele ya watu wote, nimwachilie. Kaka zangu wanasema nalipa mtu kuogesha mtoto. Wataona."

Nilifikiri anatania. Kisha akaongea polepole, akiwa amemfunika Mumo uso kwa taulo kama anamficha asisikie. "Kwetu kuna silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Lilimchukua dada yangu mdogo. Nilikuwa nafua hapo hapo, Teacher, nimempa mgongo, na sikusikia kitu. Tangu nishike mimba nilikuwa naota hiyo silanga. Sasa siioti. Nikiona hiyo video najua mtoto wangu haitamchukua."

Susu alikuwa anakunja soksi. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi kwa Mama Shirin, nikamweleza yote.

"Mwambie," akasema.

"Ataumia. Hiyo video ndiyo inamlaza usingizi."

"Nafula, amekuja kununua kitu ambacho sisi hatuuzi."

"Lakini ulimwambia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza hakuna anayesikia. Wanatazama maji. Mwonyeshe."

Wiki nzima nilijiuliza namna ya kumwonyesha. Mumo sikuweza kumtumia. Hilo msiwahi kulifanya, mtoto si chombo cha kumtolea mzazi somo. Jumamosi ilipofika nilikuwa nimemtoa yule mwanasesere kabatini. Walipomaliza kumvua Mumo nikamwomba Susu zile nguo.

"Zote?"

"Zote, Susu. Kama vile yeye huvaa nyumbani."

"Zikilowa atavaa nini?"

"Kwani huna zingine kwa mkoba?"

Susu akanitazama, akatazama mkoba. Alikuwa na seti nyingine mbili.

Nikamvalisha mwanasesere mbele yao, fulana, ovaroli, sweta, sweta, soksi, mavini. Nikamlaza chali juu ya maji, vile vile ambavyo Mumo hulala, nikaondoa mikono. Kwanza alielea. Hewa ilikuwa imejaa kwenye sufu. Mama Mumo akatabasamu. Kisha sweta zikaanza kunywa maji. Bega moja likashuka, kichwa kikafuata, mwanasesere akageuka uso chini, taratibu, na kushuka, mikono imekunjuka pembeni. Hapakuwa na kelele. Maji hata hayakutikisika. Mumo, mikononi mwa mama yake, alikuwa anabwabwaja na bata.

"Lakini kwa party atakuwa na nepi ya kuogelea tu," Mama Mumo akasema.

"Ndiyo. Na silangani ataenda na nepi ya kuogelea?"

Akamvuta Mumo karibu na kifua chake.

"Ile ya kwenye video ni kweli, Mama Mumo. Alielea. Alielea kwa sababu maji yalitulia, na alikuwa amelala vizuri, na mkono wangu ulikuwa hapo chini yake. Mtu akiruka karibu naye, akishtuka, akivuta maji, hajui kugeuka. Hata jina lake hajui kulitaja. Akizama kwa hiyo hoteli, nani atamfuata?"

Akamtazama Susu. Susu akatazama viatu vyake.

"Watu watakuwa wengi," Mama Mumo akasema.

"Watakuwa wanashika simu."

"Mimi nitakuwa hapo."

"Utaweza?"

Nyinyi mnaofundisha, mtaona kwamba mzazi anaweza kuingia bwawani mwako miezi na miezi na usijue jambo hili mpaka umuulize. Alisimama pale, maji kiunoni, mahali alipokuwa akisimama kila Jumamosi. "Sijui kuogelea, Teacher," akasema. "Sijawahi kupita hapa."

Kisha akakasirika, na alikuwa na haki. "Kwa hivyo nimekuja huku bure."

"Si bure. Haogopi maji. Anakufahamu wewe majini, anajua mikono yako. Akifika miaka minne au mitano atajifunza kuogelea kweli kweli, na mwanzo atakuwa nao. Lakini kwa sasa ni wa kushikwa. Hata yule Mumo wa kwenye simu yako ni wa kushikwa."

Alitoka majini bila kuaga. Susu akakusanya nguo zilizolowa, akazikamua juu ya ukingo, moja moja, na kila moja akaipima mkononi kabla ya kuitia mkobani. Alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, hizi nguo ni nzito," akasema, akaenda.

Siku ya sherehe sikwenda. Sikualikwa tena. Nilikuwa na kipindi, na mtoto mmoja akanitapikia, nikashukuru kupata kitu cha kufanya. Mchana kutwa nilijiambia nilisema vya kutosha, halafu nikajiambia nilisema mno, kwamba pengine nimemfanya mtu mwenye hasira amwachilie mtoto ili tu kunionyesha. Jioni Mama Shirin akanipa chai, akakaa nami, simu yangu iko juu ya meza katikati yetu.

Haikulia. Jumamosi baada ya hiyo, Mama Mumo akaingia getini. Susu alikuwa nyuma yake, Mumo amefungwa mgongoni kwa leso, mavini imeteremka mpaka kwenye nyusi.

"Sherehe ilikuwaje?" nikamuuliza, nikitazama mavini.

"Nilimshika."

"Wakasemaje?"

"Kaka yangu mkubwa akasema hata yeye anaweza kushika mtoto majini, hiyo si kitu. Nikamwambia, ingia basi."

"Akaingia?"

"Alisema ana mafua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kostumu mpya, lebo yake bado inaning'inia. "Leo Mumo haingii. Naingia mimi."

Mtu mzima ni mgumu kufundisha kuliko mtoto, mtayaona. Mtoto hana kitu anachokumbuka. Mama Mumo kila alipolaza kichwa nyuma, masikio yakiingia maji na dunia ikinyamaza, alikuwa anaruka na kunishika shingo kwa nguvu za ajabu. Nilijua anachokisikia katika ule ukimya. Hatukukizungumzia. Tukarudia. Jumamosi nyingine akasema hawezi, akaketi ngazini akatetemeka kana kwamba maji ni barafu, na Susu akamwita kwa jina lake kutoka kwenye benchi, "Kalekye, twende nyumbani." Akasema, "Mama, niache." Tukarudia tena. Alijifunza kupuliza mapovu akiwa mtu wa ofisi mwenye wadogo kazini wanaomwamkia. Alijifunza kuacha ukuta kwa kidole kimoja kimoja.

Ilichukua mvua zote za masika na baridi ya Julai. Siku aliyovuka bwawa, kutoka ukuta wa upande ule ambao miguu haifiki chini hadi ukuta wa ngazi, nilikuwa namfuata kwa karibu na sikumgusa. Hakuogelea vizuri. Alipiga maji kama anayafukuza, akayanywa, akakohoa, akaendelea. Susu alikuwa ameinuka kwenye benchi, anatembea ukingoni sambamba naye, Mumo mgongoni, hatua kwa hatua, midomo yake inakwenda bila sauti.

Mkono wake ukagusa ukuta, miguu ikapata sakafu. Akashika, akajifuta macho, akavuta pumzi mpaka ikatulia. Nilidhani atanitazama mimi. Akainua mikono yote miwili kwa Susu.

"Sasa nipe mtoto," akasema.